Steringi Asiye na Kibali

Asumani hakwenda mwalo wa Kibirizi, bandari ndogo ya wavuvi ziwani, kutafuta mchumba. Alikwenda kupiga picha za bibi harusi aliyekuwa anakuja kwa boti kutoka Mwamgongo, na boti ilichelewa, kama kawaida yake. Basi akasimama mchangani na shati lake jeupe lililonyooshwa kwa pasi, kamera begani, watu wakimpita na ndoo za dagaa na madumu ya mawese, kila mmoja akimwambia apishe njia. Ndipo aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Huyu mgebuka ana siku mbili, kaka. Mwangalie macho. Hata yeye mwenyewe anajua."

"Dada, kavuliwa alfajiri."

"Alfajiri ya juzi."

Watu wakacheka. Asumani akageuza kamera. Alikuwa binti mrefu, gauni la kitenge cha kijani lenye mabega ya puto, kilemba kimefungwa upande, samaki mkononi, naye alikuwa anamsuta muuzaji kwa raha zake mpaka watu wamekusanyika. Akaiona taa nyekundu ya kamera. Akamwachia muuzaji samaki wake na kuja moja kwa moja.

"Futa."

"Samahani dada, nilikuwa tu..."

"Sijasema uniombe samahani. Nimesema futa. Hapa hapa, naangalia."

Ikabidi Asumani arudishe kanda nyuma, aweke kiganja mbele ya lensi na kurekodi giza juu ya sura yake, yule binti akiwa amesimama pembeni, mikono kiunoni. Bibi harusi wa Mwamgongo akashuka kwenye boti kiganja kikiwa bado pale pale. Picha za kushuka kwake hazikupatikana, na wenye harusi hawakumsamehe.

"Unaitwa nani?" Asumani aliuliza.

"Si umeshafuta? Jina la nini tena?"

"Naitwa Asumani, wa Kasingirima. Nina studio, natengeneza mikanda ya video."

"Studio au chumba?"

"Chumba. Lakini kina kompyuta."

Yule binti akacheka. Nawaambieni, Asumani alikwisha pale pale.

Aliitwa Mwanvua, mzaliwa wa Fizi, Kongo. Ulikuwa mwaka elfu mbili na tatu, vita ng'ambo ya ziwa havijatulia, naye na baba yake walikuwa wameandikishwa kambini, mbele kupita Kidahwe. Sheria ya mkimbizi ilikuwa moja: hutoki kambini bila kibali. Mwanvua alitoka bila kibali. Alikuwa anakaa Kasingirima kwa mama yake mdogo, Hidaya, ambaye babu yake naye alitoka Kongo hiyo hiyo, ila zamani, kabla watu hawajaanza kuulizana karatasi. Aliyewahi anaitwa mwenyeji, aliyechelewa anaitwa mkimbizi. Mimi jambo hilo lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo.

Asumani alimtafuta mtaa kwa mtaa mpaka akampata, kumbe yuko Kasingirima hiyo hiyo yake. Akaja kwa Hidaya kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Nina studio, inaitwa Mwisho wa Reli Filamu. Nataka Mwanvua awe steringi wangu, mchezaji mkuu wa mikanda yangu."

Hidaya akapunguza sauti. "Yaani kijana, mtu ninayemficha jikoni wewe unataka kumuweka kwenye televisheni?"

"Nitacheza," Mwanvua alisema kutoka jikoni. "Kwa nikabu. Uso wangu hauonekani hata mara moja. Akikubali, nitacheza."

Asumani alikubali, na ndivyo studio ilivyoanza. Yeye anapiga picha, rafiki yake Feliksi anahariri kwenye kompyuta moja iliyokuwa inazimika kila feni ikiwashwa, na Mwanvua anacheza ndani ya buibui jeusi, macho tu nje. Mkanda wa kwanza ulihusu mjane wa Simbo anayegoma kutoka kwenye shamba la mumewe. Walipouonyesha kwenye banda la video la Ujiji, ambako kawaida wanakaa wanaume na mikanda yao ya ngumi, akina mama waliingia na vigoda vyao wenyewe. Mjane aliposema, "Hili shamba nitalilima mbele ya macho yenu," banda zima lilisimama. Wiki ya pili ikabidi waonyeshe mara tatu kwa siku. Ukaja mkanda wa pili, ukaja wa tatu. Wafanyabiashara wa boti waliivusha mpaka Kalemie na Bujumbura. Kuanzia Mwanga hadi Mwandiga watu walikuwa wanabishana yule mwenye macho ni nani, na kila mtaa ulikuwa na binti yake unayemtaja.

Wenyewe walikuwa wanacheka kwenye simu. Mwanvua alikuwa anabipu, Asumani anampigia.

"Leo nimesikia kwamba weye ni mke wa mkuu wa stesheni," Asumani alimwambia.

"Msalimie mume wangu."

"Mumeo mwingine naye anakusalimu. Hajala tangu asubuhi."

"Aje ale. Mama kapika ugali na dagaa wa mawese. Lakini aje kama mgeni, asije kama dairekta."

"Atakuja kama mkwe."

"Maneno hayo ukiyasema mbele ya mama, yana ndoano. Yanakamata kweli."

Ulikuwa ni utani, na haukuwa utani. Mchana mmoja wa jua kali, mabati ya studio yanalia, Feliksi kasinzia kwenye kiti, Asumani akasema.

"Mwanvua, nataka kukuoa."

"Hilo ni ombi au ni amri ya dairekta?"

"Ombi. Na nimeshapanga. Nimeongea na mjumbe wa mtaa. Mama Hidaya atathibitisha kwamba umezaliwa hapa Ujiji, unapata karatasi, biashara imekwisha. Hutajificha tena."

Mwanvua aliacha kucheka. "Nimezaliwa wapi?"

"Ujiji. Kwenye karatasi tu, mpenzi."

"Na yule mzee aliye kambini, yeye ni nani yangu? Jirani?"

"Kila mtu anafanya hivyo."

"Miye si kila mtu. Nilizaliwa Fizi, nikatoka Fizi kwa mtumbwi, baba yangu amenibeba mgongoni hadi majini. Ukinioa, unamuoa huyo. Kama unamtaka wa Ujiji, Ujiji wamejaa."

Asumani akasema wataongea baadaye. Alikosea kusema hivyo, maana hawakuongea, na kosa la pili lilikuwa tayari liko njiani.

Msambazaji mmoja wa Kariakoo alipiga simu. Mikanda ameiona, anaitaka nchi nzima, ila kava haliuzi. "Watu wa Dar hawanunui kitambaa cheusi, kaka. Nipe sura."

"Muulize mwenyewe kwanza," Feliksi alimwambia Asumani.

Asumani hakumuuliza. Alikuwa na picha moja aliyompiga wakati wa mazoezi, nikabu imepandishwa kichwani, Mwanvua anacheka na mtu asiyeonekana. Kila akiitazama aliona ni dhambi dunia kutoiona. Yalikuwa ni mapenzi, sikatai, mapenzi ya kipumbavu. Lakini alijua akiuliza ataambiwa hapana, na ndiyo sababu hakuuliza. Aliituma.

Maboksi ya mikanda yenye kava jipya yalikuja na treni. Siku ya tatu Mwanvua alikuwa sokoni Mwanga, anachagua nyanya, muuza nyanya akamshika mkono na kuubusu.

"Kumbe ni weye," yule mama alisema, machozi yanamlenga. "Mjane wangu."

Mwanvua alitazama juu. Kwenye kibanda cha mikanda kilicho mbele yake sura yake ilikuwa inaning'inia mara ishirini, jina lake chini. Alirudi nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara, kichwa kiko juu, watu wanamwita kwa jina kila upande. Hakumpigia Asumani.

Kesho yake saa nne asubuhi askari alibisha hodi. Aliitwa Martini, Muha wa Kasulu, mtu wa maneno machache.

"Mwakeye, mama," alimsalimia Hidaya kwa Kiha, kisha akavua kofia. "Dada Mwanvua, mikanda yako yote mitatu nimeiona. Ule wa shamba nimeuona mara nne. Naomba kibali chako."

"Huyu ni mwanangu," Hidaya alidakia. "Amezaliwa chumba kile pale."

"Mama, asante," Mwanvua alisema. "Afande, nimezaliwa Fizi. Naishi kambini. Nilitoka bila kibali. Andika."

Martini aliandika polepole sana. "Kwenye mkanda hukusalimu amri hivi."

"Sijasalimu amri. Nimekataa kusema uongo. Usivichanganye."

Asumani alikuwa Simbo anapiga picha za mkanda wa nne. Aliporudi alikuta Mwanvua amesharudishwa kambini, Hidaya peke yake mlangoni, na simu ya Mwanvua mezani.

"Ameniachia neno moja nikuulize," Hidaya alisema. "Alikataa karatasi yako ya uongo, ukaamua akamatwe ili aikubali?"

Hidaya akafunga mlango.

Baada ya hapo studio haikuchelewa kufa. Walimvalisha nikabu binti mwingine, Ummy, mzuri tu na mwenye bidii, lakini dakika ya tano banda la Ujiji lilianza kupiga vigoda chini. "Siyo yeye," akina mama walisema, wakabeba vigoda vyao wakaenda zao. Msambazaji aliacha kupokea simu. Kompyuta iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Feliksi akapata kazi Kasulu, akaaga kwa huzuni. Mwenye nyumba akapangisha chumba kwa wasusi wa nywele, na Asumani akarudi kwenye harusi za watu.

Ikapita miezi saba. Jumapili moja baada ya adhuhuri simu yake ilibipu, namba asiyoijua. Akapiga.

"Nani mwenzangu?"

"Mtu wa kava."

Asumani alikaa chini, pale pale barazani kwa watu. "Mwanvua."

"Simu ya kuazima hii. Nijibu moja. Ulitoa ile picha ili nikamatwe?"

"Hapana. Wallahi hapana."

"Basi kwa nini?"

"Nilikuwa najivunia. Nilitaka wakuone. Na sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa."

Kwa mbali alisikia watoto na mlio wa mashine ya kusaga.

"Hilo nalo ni baya," Mwanvua alisema.

"Najua."

"Ni baya sana, Asumani. Lakini siyo lile nililolala nalo miezi saba." Akapumua. "Studio inaendeleaje?"

"Wanasuka nywele humo."

Mwanvua akacheka kabla hajajizuia, kisha akakasirika kwa kucheka kwake. "Miye huku nacheza. Kila Jumamosi saa nane mchana, uwanjani, uso wazi. Hatuna kamera wala umeme. Wanajaa mpaka juu ya mapaa ya vyoo."

"Nije?"

"Kuingia huku kunaombewa kibali. Kaombe. Sijasema uje, nimesema kaombe."

Alikwenda ofisi ya vibali mara nne. Mara tatu walimrudisha, mara ya nne karani akamuuliza, "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mwanamke ninayetaka kumuoa."

"Mkimbizi?"

"Mkimbizi," Asumani alijibu, kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke. Karani akagonga mhuri.

Alifika Jumamosi juu ya gari la mahindi, kanzu nyeupe imejaa vumbi jekundu. Mchezo ulikuwa umeshaanza. Mwanvua alikuwa katikati ya uwanja, gauni la kitenge cha manjano, kilemba upande, jua usoni, maelfu wamemzunguka. Alipomuona alikatisha sentensi yake katikati.

"Jamani, huyu ndiye aliyeuza sura yangu bila kuniuliza. Nampa nafasi aseme."

Asumani alisukumwa mpaka katikati. "Ni kweli," alisema. "Nilimpenda, nikamfanyia maamuzi kama vile hana mdomo. Na kabla ya hapo nilimwambia tuseme amezaliwa Ujiji, kana kwamba Fizi ni aibu. Nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja kuposa."

"Unamposa nani?" Aliyeuliza ni baba yake Mwanvua, Mzee Sadiki, aliyekuwa amekaa mbele na fimbo yake. "Steringi wako au binti yangu?"

"Binti yako, mzee. Mwanvua binti Sadiki, mzaliwa wa Fizi. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo umeanza kuongea."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mwanvua hakupiga kigelegele wala hakulia. Alimshika Asumani mkono wa kanzu, akamsogeza pembeni. "Kaa hapo. Mchezo haujaisha," alisema, na akarudi kuumaliza.

Walifunga ndoa mwezi uliofuata, hapo hapo kambini, saa sita mchana, shehe akaandika Fizi palipotakiwa kuandikwa Fizi. Hidaya alipewa kibali cha siku moja, akala pilau kwa hasira na furaha. Walikuwa wameomba pia Mwanvua aruhusiwe kukaa mjini na mumewe. Jibu lilikuwa halijaja, na kila mtu aliwaambia linaweza lisije.

Saa kumi jioni mlinzi wa geti alikuja kuwatafuta wageni. Alimkuta Asumani amekaa mkekani na mkewe, hina ya Mwanvua haijakauka vizuri.

"Muda umekwisha, bwana."

"Huyu ni mke wangu."

"Hongera sana. Muda umekwisha."

Asumani aligoma kuinuka. Mwanvua ndiye aliyeinuka kwanza, akamvuta mkono, akatembea naye mpaka kwenye boriti ya geti, mbele ya walinzi, mbele ya watu wote, vidole vyao vimeshikana. Akamnyoosha kola ya kanzu.

"Nenda, mume wangu. Na Jumatatu uamke mapema, ofisi ya vibali ina foleni."