Swali la Saba

Alikuwa akiingiza dodoso la tisa kwenye kompyuta, katikati ya zogo la ukumbi wa usajili, aliposikia sauti aliyoikosa kwa wiki tatu.

"Bwana Desimali, bado unahesabu watu?"

Mtakwimu wa chuo aliinua macho. Mwalimu wa lugha alikuwa kwenye foleni ya barua za uhamisho, gauni la kijivu, kilemba cheusi, amekonda. Modeli ya mtakwimu, iliyopima kwa hesabu utu wanaouvuna wanafunzi katika masomo ya lugha, ililiweka darasa la mwalimu huyo mkiani. Kesho kutwa kikao cha chuo kingelifuta darasa hilo. Tangu hapo mwalimu hakupokea simu za mtakwimu.

"Nimekupigia mara arobaini, mpenzi."

"Arobaini na moja. Siku hizi hata kuhesabu kunakushinda."

Mtakwimu alimwonyesha rundo la madodoso. "Nayaingiza upya, moja moja. Swali la saba, 'Mlisikilizana darasani?' Darasa lako lote lina sifuri. Na kipimo chetu huanzia moja."

Mwalimu akatoka kwenye foleni, akachukua karatasi. "Hawakuandika sifuri. Hawakuandika kitu."

Mtakwimu akaiinamia karatasi. Ni yeye aliyeiagiza kompyuta ihesabu kila nafasi tupu kuwa sifuri.

"Walikubaliana wamwachie mwenzao nafasi hiyo," mwalimu alisema taratibu. Yule wa dawati la dirishani, aliyefariki katikati ya muhula. "Mpaka leo naita jina lake kwenye mahudhurio. Tunanyamaza kidogo. Juzi tuliponyamaza, kiti chake kikavutwa bila mtu kukigusa. Hakuna aliyegeuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na alama, baba. Hukuja na swali."

"Nimekosa. Nitalisema kosa langu mbele ya kikao."

"Hawatakuamini tena."

"Basi. Na wewe?"

Mwalimu alivuta kiti, akaketi, akaanza kumsomea alama. Kila wakifika swali la saba alinyamaza, na vidole vya mtakwimu vikasubiri.

Walipofika dodoso la kumi na tano, karani alikuwa akifunga madirisha. Dodoso hilo lilikuwa tupu lote. Juu palikuwa na namba ya usajili tu, na mwalimu aliijua: ya yule wa dawati la dirishani.

"Nani amelileta?" mtakwimu akanong'ona.

"Sijui."

"Niliingize?"

Mwalimu aliilaza karatasi kifudifudi, akaushika mkono wa mtakwimu kwa nguvu.

"Kesho, mpenzi. Saa mbili asubuhi tuendelee. Ukichelewa, nipigie, nitapokea."