Kona ya Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Pazi alifagia maranda katika karakana ya mjomba wake, fundi seremala Mwinyimvua. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa mkono na mzito wa kuamka. Mama yake alizoea kusema kwamba ukiweka ufagio na kibao cha mpira wa meza mahali pamoja, Pazi atauona ufagio kesho yake.

Lakini asubuhi ile, katika mwaka wa hamsini na tano, Pazi aliamka mwenyewe. Ilikuwa siku ya fainali. Timu za vijana wa shule kutoka Unguja na Mombasa zilikuwa zimekuja Bagamoyo kushindana na vijana wa Tanganyika kwa mpira wa meza. Mombasa walikwisha tolewa, na kombe sasa lilikuwa baina ya Bagamoyo na Unguja.

Wageni walilazwa majumbani mwa watu. Kwa kina Pazi alilala Hija, kijana mwembamba wa Unguja, mpole hata akiomba maji. Usiku mama alimpakulia kichwa cha samaki, na Pazi mwenye nyumba akaambulia mkia. Ndiyo heshima ya mgeni, hana wa kumlalamikia.

"Shikamoo, mzee," Hija alimwamkia fundi mlangoni mwa karakana.

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Nimelala salama. Nimeambiwa meza tunayochezea umeichonga wewe."

"Kwa mikono hii hii."

"Mashaallah. Kwetu sijaona meza nzuri kama ile."

Uso wa mjomba ulikunjuka. Mwalimu mkuu, Bwana Bwanausi, alikuwa amemwahidi kwamba wageni wakiisifu meza ile, atapewa kazi ya kutengeneza nyingine tatu za shule za pwani. Tangu hapo mjomba alikuwa akiimba kazini, na sauti yenyewe si nzuri. Pazi aliinama akaendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Alikuwa na siri. Juma lililopita, akifanya mazoezi peke yake, aligundua kwamba upande wa dirishani, kwenye kona ya kushoto, mpira haudundi. Chini ya ubao, gongo lililoshika mbao lilikuwa limelegea. Mpira ukianguka hapo hulala, kana kwamba umeangukia mchanga. Mahali penyewe palikuwa padogo kama kiganja, na mchezaji asiyelenga hapafikii. Siku ya kwanza alitaka kumwambia mjomba. Siku ya pili alifikiri: nikisema, mjomba ataaibika. Siku ya tatu wazo jingine lilimjia, baya zaidi, na hilo hakulifukuza.

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kila timu ilikuwa na wachezaji watatu, na timu itakayoshinda michezo mitano ndiyo bingwa. Ikawa nne kwa nne. Mchezo wa tisa, wa mwisho, ukawaangukia Pazi na Hija.

Seti ya kwanza Hija alishinda, tena vizuri. Alikuwa na pigo la kukata lililoufanya mpira uzunguke na kukwepa. Pazi alijifuta jasho. Walibadilishana pande, na sasa Hija akawa upande wa dirishani.

Seti ya pili ilipofika kumi na nane kwa kumi na nne, Hija akiongoza, Pazi aligeuka kuwatazama wenzake. Aliwaona wamefunika nyuso. Basi akalenga kona ile. Mpira ukalala, Hija akapiga hewa.

Watu walishangilia. Pazi akalenga tena, na tena. Hija alitazama meza, akatazama kibao chake, kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu, mpira haudundi hapa."

"Usisingizie meza," mwalimu wake alimjibu kwa ukali. "Macho yako yako wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mcheza duni huusingizia uwanja." Wakacheka zaidi. Hija aliinamisha kichwa, na masikio yake yakawa mekundu. Pazi alishinda seti ile ishirini na moja kwa kumi na tisa, lakini hakuthubutu kumtazama.

Seti ya tatu ilianza. Walikwenda bega kwa bega, pointi kwa pointi. Mmoja wao alipofikisha kumi walibadilishana pande kama sheria inavyotaka, na Hija akarudi tena dirishani. Pazi alijiapiza moyoni kwamba hatalenga kona ile. Alicheza katikati, alicheza kulia. Wakafika kumi na tisa sare, na mpira wa Hija ukagonga wavu. Ishirini kwa kumi na tisa. Ilibaki pointi moja tu kombe libaki Bagamoyo.

Mjomba alikuwa mstari wa mbele, mikono ameibana magotini. Mpira ulikwenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi. Hija alikata pigo lake kali, Pazi akaufikia kwa shida, na mkono ukaenda ulikozoea kwenda. Mpira uliangukia kona ya kushoto. Ukalala.

Ukumbi ulipasuka kwa vifijo. Ramadhan, mchezaji mwenzake, alimrukia mgongoni. Lakini Pazi alikuwa akimtazama Hija. Safari hii Hija hakusema neno. Alikwisha sema kweli mara moja na akachekwa. Aliweka kibao chake mezani polepole, na machozi yakamlenga. Pazi alikumbuka vile mgeni huyu alivyousifu ufundi wa mjomba asubuhi.

Mwamuzi, Bwana Sharifu wa Mombasa, alikuwa ameinua mkono kutangaza mshindi.

"Bwana mwamuzi," Pazi alisema. Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa sauti kubwa, "Bwana mwamuzi, pointi hii si yangu."

"Si yako kwa nini?"

"Hija alisema kweli. Mpira haudundi pale. Mimi nilijua tangu juma lililopita, na nililenga makusudi. Hata seti ya pili."

Ramadhan alimwachia mabega. Bwana Sharifu aliuokota mpira, akaudondosha katikati ya meza, ukaruka. Akaudondosha kwenye kona. Ukalia ka, ukalala. Alirudia, ukalala vile vile.

Mjomba Mwinyimvua alisimama. Pazi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee aliingia chini ya meza kwa magoti, akagusa, akaomba nyundo na kabari. Aligonga, akaongeza msumari, akatoka na vumbi kwenye kanzu yake nzuri. Bwana Sharifu akaudondosha mpira. Uliruka.

"Seti ya pili imekwisha andikwa. Seti ya tatu irudiwe tangu mwanzo," aliamua.

Wakarudia. Mara hii meza ilikuwa meza kila mahali, na Pazi alicheza kama hajawahi kucheza. Alishindwa, ishirini na moja kwa kumi na nane. Kombe likaenda Unguja. Mwalimu wa Unguja alimshika Hija bega mbele ya watu wote na kumwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikufanya uchekwe na watu, na kumbe wewe ndiye uliyeona."

Alasiri Pazi alimkuta mjomba karakanani. Alisimama mlangoni.

"Ingia, mjomba," mzee alimwita, kwani ndivyo walivyoitana. "Umeshindwa kombe."

"Nimekuaibisha wewe, mjomba. Na zile meza tatu."

Mjomba aliweka randa chini. "Nikwambie jambo. Seti ya pili niliusikia ule mlio. Fundi hausahau mlio wa gongo lililolegea. Nilijua kabisa. Nikakaa kimya, nikifikiria meza tatu. Mtoto wa watu anachekwa, na mimi mtu mzima nimebana mikono magotini."

Pazi aliinua uso.

"Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kwa ajili ya jina langu, wewe ulificha kwa ajili ya kombe. Lakini wewe uliacha kuficha ukiwa umekwisha shinda, na hapo ndipo pagumu. Ushindi wa kumdanganya mgeni si ushindi, mjomba. Jina zuri huletwa na kazi iliyo sawa, na kosa likitokea, na mtu wa kulisema mapema."

Kisha akatoa mfukoni mpira mweupe. "Bwana Bwanausi amepita hapa. Kwa vile kosa lilisemwa na kutengenezwa mbele ya wageni, meza tatu bado anazitaka. Ila ameweka sharti: kila meza, kabla haijatoka mlangoni, wewe uidondoshee mpira kila kona."

Pazi aliupokea. Pale kwenye tezo na maranda palikuwa na ubao mpya wa meza, haujapigwa hata rangi. Aliudondosha mpira kona ya kwanza, akasikiliza. Akaenda ya pili.