Mlingoti wa Antena

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare na kupiga deki, Milcah na dada yake Nabwire waliwasha televisheni. Kwao Shieywe, mjini Kakamega, picha haikuja mpaka mtu atoke nje kuzungusha mlingoti wa antena, bomba refu la chuma kando ya ukuta. Mwenzake alibaki ndani akipaza sauti, "Bado! Hapo hapo!" Walipokezana, na hakuna aliyependa zamu ya nje.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Nabwire. Mawingu ya alasiri yalikuwa yametanda na ngurumo zilisikika.

"Imekuja?" aliuliza.

Picha ilikuwa safi kabisa na vichekesho vimeanza. Milcah aliona raha kumchezea shere dada yake. "Bado! Zungusha kidogo!"

Radi ikapiga. Milcah alipotoka, Nabwire alikuwa chini, kimya, na mkono wake wa kulia umeungua vibaya.

Baba alirudi kutoka hospitalini jioni, macho mekundu. Nabwire angeishi, lakini madaktari walisema vidole vyake huenda visikunjike tena. Majirani walijaa uani.

"Radi haipiganga mtu bure," mwanamume mmoja alisema. "Hii imetumwa! Si juzi Mama Muhonja aligombana na hawa watu juu ya kuku?"

Mama Muhonja, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa amejifungia ndani. Vijana walianza kuokota mawe. Mmoja aliulizia kiberiti.

Milcah hakuona pa kukimbilia. Akisema, baba yake asingempenda tena. Akinyamaza, mama wa watu angechomewa nyumba. Alitamani angekuwa yeye aliyeshika lile bomba.

"Baba, si Mama Muhonja," alisema akilia. "Picha ilikuwa imekuja. Nilimwambia Nabwire bado. Nilikuwa namchezea shere."

Baba alimtazama, kisha akawageukia majirani.

"Wekeni mawe chini. Fundi Osiako aliyeweka mlingoti huu aliniambia usiguswe mvua ikikaribia, na usitumiwe kabla hajaufunga waya wa kupeleka radi ardhini. Nikaona ananichelewesha. Kama kuna wa kulaumiwa, anzeni na mimi."

Mawe yalidondoka. Watu waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Baba alibisha kwa Mama Muhonja na kumwomba radhi mlangoni.

Aliporudi, aliketi karibu na Milcah. "Chuma kilichopita paa la nyumba si cha kuchezea, mwanangu, na mtu anayeshika kitu cha hatari anategemea ukweli wako. Leo umechelewa kuusema, lakini umeokoa mtu."

"Nabwire atanisamehe?"

"Sijui," Baba alisema. "Kesho tutaenda hospitalini, umwambie mwenyewe."