Mvuje Ndani ya Bomba la Hewa

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Fathiya alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali kumwachia mtu. Alikaa kwenye baraza ya nyumba yao ya Kiponda akisubiri mlio wa vespa ya Shangazi Riyama. Shangazi alikuwa fundi wa ndege katika uwanja wa ndege wa Unguja, na siku hiyo alipitia kwao akitoka kazini. Fathiya alimwamkia, akampokea mkoba, akammiminia chai ya mdalasini, kisha akaketi ubavuni pake kusikiliza habari za ndege. Sabri, mdogo wake wa miaka sita, alipotaka kujipenyeza katikati yao, alisukumiwa upande wa bibi.

Katika darasa lao la sita hapakuwa na asiyezijua sifa za shangazi huyo. Fathiya alimtaja kwenye somo la hesabu, kwenye somo la jiografia, na hata siku mwalimu alipouliza nani hajafuta ubao. Wenzake walimtania kwamba akiumwa na jino atapelekwa kwa shangazi akakazwe nati. Hakuudhika. Alijua wanamwonea wivu tu, na jambo hilo lilimpendeza sana.

Mwaka huo Mwalimu Shaame, mwalimu wa sayansi, alimwomba Shangazi Riyama aje skuli kuisaidia klabu yao kutengeneza kitu cha kuonesha Siku ya Wazazi. Siku ya kwanza alipokuja, Fathiya alikaa mbele kabisa. Shangazi alieleza jinsi ndege kubwa zinavyopaa mpaka mahali ambapo hewa ni nyepesi mno na baridi hugandisha maji. Alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye suala. Fathiya bado alikuwa anatabasamu, na mkono ulioinuka ulikuwa wa Sichana.

Sichana alikuwa mgeni skulini. Alihamia mjini mwanzo wa mwaka kutoka kijiji cha Makunduchi, akawa anakaa kwa mjomba wake, fundi wa friji na viyoyozi pale Darajani. Hakuwa msemaji, lakini akianza kuuliza haachi mpaka aelewe.

"Kama huko juu hewa haitoshi," aliuliza, "abiria wanavuta hewa ya wapi?"

"Ya kwenye injini," alijibu Shangazi.

Darasa zima likacheka, kwa sababu kila mmoja aliwaza moshi. Shangazi naye akacheka, kisha akachora ubaoni. Injini humeza hewa kwa mbele, na mapanga yake huibana hatua kwa hatua. Hewa ikibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mtu akijaza upepo. Kabla haijafika penye mafuta na moto, sehemu yake huchotwa kwa mabomba. Hewa hiyo ina nguvu, lakini ni ya moto kuliko mafuta ya kukaangia sambusa, kwa hivyo hupitishwa kwanza kwenye vipozeo. Ikishapoa huingizwa walikokaa abiria, na kilango kidogo nyuma ya ndege huitoa taratibu ili mule ndani isizidi wala isipungue. Tawi jingine la bomba huipeleka ikiwa bado moto kwenye mbawa, ili barafu isigande huko.

"Kwa hivyo kinachoingia kwenye bomba ndicho wanachovuta abiria," alisema. "Mafuta ya injini yakivuja humo hata kidogo, ndani kunanuka kama soksi chafu. Ndiyo maana kazini kwetu mtu akikosea hafichi. Mimi mwenyewe nliwahi kuangusha nati, nkasema. Ndege ikakaa chini mpaka ilipopatikana. Abiria walininung'unikia, lakini mkubwa wangu alinishukuru."

Halafu akamgeukia Sichana na kumwambia kwamba suala lake ndilo litakuwa maonesho ya klabu. Fathiya aliacha kutabasamu.

Kwa wiki kadhaa walijenga ndege yao. Fathiya alileta drya ya nywele ya mama yake, ambaye kazi yake ni kupamba maharusi, na hiyo ikawa injini. Sichana alileta kutoka kwa mjomba wake bomba pana la bati jepesi linalokunjika, wakalizungusha ndani ya ndoo ya barafu. Hewa ya moto iliingia upande mmoja, ikatokea upande wa pili imepoa, ikaingia katika boksi kubwa la friji lililotobolewa madirisha. Humo ndimo abiria angekaa. Tawi la pili lilikwenda na hewa moto hadi kwenye bawa la bati lililopakwa samli iliyoganda, maana hapa Unguja barafu haimsubiri mtu. Drya ikiwashwa, samli iliyeyuka na kutiririka, na Makungu, mwanafunzi mnene mwenye vichekesho aliyechaguliwa kuwa abiria, alijidai kusinzia ndani ya boksi akiagiza juisi.

Kazi ilikwenda vizuri, ila roho ya Fathiya haikuwa mahali pake. Siku hizi Shangazi akifika skulini alimwulizia kwanza Sichana. Alhamisi, kwenye chai, habari zilikuwa za Sichana: Sichana kafikiri hivi, Sichana kauliza vile. Siku moja akasema amempa bisibisi yake ndogo yenye mpini mwekundu, ile aliyoanzia kazi. Fathiya alikuwa akiitamani bisibisi ile tangu darasa la pili. Bibi yake, Bi Radhiya, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Chanda chema huvikwa pete." Fathiya aliinuka akaenda jikoni, akajifanya anatafuta sukari, na kumbe analia.

Mwalimu Shaame akamalizia. Alitangaza kwamba Siku ya Wazazi Sichana atasimama na Shangazi Riyama kueleza mfumo wote, na Fathiya atashika drya. Yaani shangazi ni wake, drya ni ya mama yake, halafu yeye awe kama msumari wa kutundikia kanzu! Kwa wivu, jioni alikisukuma mbali chakula chake. Alitaka jambo moja tu: Sichana aaibike mbele ya watu, na Shangazi arudi kuwa wake.

Bi Radhiya alikuwa na kopo la mvuje, utomvu mkavu unaonuka vibaya. Kila mtoto mchanga aliyezaliwa mtaani alifungiwa kipande ndani ya kitambaa, ili kijicho na mashetani wamkimbie. Na ni nani asiyeikimbia harufu ile? Asubuhi ya Siku ya Wazazi, Fathiya alimega kipande, akakifunga kwenye tambara, akawahi skuli kabla ya wengine. Alikisukuma ndani ya bomba, karibu na mdomo wa drya, mahali penye moto zaidi. Kisha alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Harufu iliondoka kiganjani, ikabaki kwenye kucha.

Wazazi walijaa. Shangazi Riyama alikuja na sare yake ya kazi, akasimama pamoja na Sichana mbele ya boksi. Mama yake Fathiya alikaa safu ya kwanza na Sabri mapajani. Sichana alianza kwa sauti ndogo, kisha ikapanda, na watu wakaanza kutikisa vichwa kwamba wanaelewa. Fathiya alishika drya akisubiri aibu ya mwenzake.

Hapo Sabri akateleza kutoka mapajani kwa mama yake. Alikimbilia kwenye boksi akasema yeye ndiye anataka kupanda ndege. Sichana, aliyependezwa na mtoto yule, alimwomba Makungu ampishe. Makungu akapisha, na Sabri akaingia, akapunga mkono dirishani.

Fathiya aliishusha drya. Sabri alikuwa na pumu. Moshi wa udi tu ulitosha kumfanya akae kitako usiku kucha, na nyumbani hata mapishi ya kukaanga yalifanywa uani kwa ajili yake.

"Washa, Fathiya," alisema Mwalimu Shaame.

Hakuwasha. Alisema drya imeharibika. Mwalimu akaichukua, akabonyeza, ikanguruma. Hewa ya moto ikapita kwenye tambara, na mara harufu ya mvuje ikajaa ndani ya boksi na kumwagika nje. Watu wakaziba pua. Sabri alikohoa mara moja, akakohoa tena, kisha ikasikika ile filimbi ya kifua ambayo Fathiya aliijua vizuri. Aling'oa bomba, akapasua boksi kwa mikono miwili, akamtoa mdogo wake na kumbeba hadi nje penye upepo. Mama alifika na dawa yake ya kuvuta, akampulizia. Polepole kifua kikatulia, na Sabri akauliza kama ndege imeanguka.

Watu walimzunguka Fathiya. Walimsifu kwa wepesi wake, wakasema Mungu amemjaalia akili. Shangazi Riyama alimkumbatia na kumwambia kwamba hata mafundi wakubwa hawachukui hatua upesi hivyo. Ndilo neno alilolitamani kwa wiki zote zile, na sasa lilimkwama kama mwiba wa samaki.

Nyuma yao mama mmoja alikuwa akisema kwa sauti kwamba hao watoto wa shamba hawaachi mambo yao ya kinga. Bila shaka yule msichana alitia mvuje ili kazi yake isipatwe na kijicho, na angalia alivyotaka kuua mtoto wa watu. Wengine wakaitikia. Mwalimu Shaame alimwuliza Sichana kama ni kweli.

"Si mimi, mwalimu. Wallahi si mimi," alisema Sichana. Machozi yalikuwa yanamtoka, na bisibisi nyekundu ameishika kwa mikono miwili.

Fathiya aliona kwamba akinyamaza, kila alichokitaka amekipata. Sichana ameaibika, Shangazi amemkumbatia. Alimtazama Sabri, bado midomo yake imepauka, akajitoa mikononi mwa Shangazi.

"Sichana hajafanya kitu," alisema. "Mimi ndo nlotia mvuje. Nliuchukua kwenye kopo la bibi."

Shangazi alimwuliza kwa nini.

"Nlimwonea wivu. Ulimpenda yeye, hukunitazama mimi tena. Nlitaka watu wamcheke. Skujua kama Sabri ataingia."

Mama yake alimtazama kwa namna ambayo Fathiya alitamani afadhali angepigwa. Lakini Shangazi Riyama alikaa kwenye ngazi, akamwita aje karibu, na akamwita Sichana pia. Alizungumza polepole, na wazazi waliokuwa karibu wote walisikia.

"Umefanya kosa kubwa, Fathiya, na mdogo wako angeweza kupotea. Hilo sitokupunguzia. Wivu humwingia kila mtu. Hata mimi huwaonea wivu mafundi wengine. Lakini ukiuficha unafanana na uchafu ndani ya bomba. Unamtilia mtu mmoja, na wanaovuta ni wote waliomo, hata unayempenda kuliko roho yako. Ungelikuja Alhamisi ukanambia 'Shangazi, nnaumia', ningelikusikiliza. Na mimi nna kosa langu, kwa sababu nliona umenuna nkapuuza. Ila leo umesema kweli wakati uongo ulikuwa unakuletea sifa. Fundi wa ndege huanzia hapo."

Mwalimu Shaame aliamua kwamba maonesho yatarudiwa Jumamosi, na kwamba kulisafisha bomba ni kazi ya Fathiya peke yake. Fathiya alimwomba Sichana radhi mbele ya wote. Sichana alijibu kwamba amesikia. Hakusema kwamba amesamehe.

Kwa siku zilizofuata Fathiya alilisugua bomba lile kwa sabuni ya kipande, kwa siki na kwa ndimu, mpaka vidole vikamchonyota. Bi Radhiya alimpa ndimu bila ya maneno mengi, ila alimkumbusha kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Boksi jipya lilitoka kwa mjomba wake Sichana.

Jumamosi, kabla ya wageni kuingia, Shangazi Riyama alitaka mfumo ujaribiwe. Aliuliza nani atakuwa abiria.

"Fathiya," alisema Sichana.

Fathiya akaingia. Sichana mwenyewe aliwasha drya. Hewa poa ilimpiga usoni, na ndani yake, mbali sana, ilikuwepo ile harufu. Wageni walikuwa tayari mlangoni. Akisema safi, kazi imekwisha na mikono yake inapumzika.

Shangazi aliinama dirishani. "Hewa vipi huko ndani?"

"Bado inanuka kidogo, shangazi," alisema Fathiya. "Haijasafika."

"Basi tunazima. Wageni watasubiri."

Fathiya alilibeba bomba hadi kwenye mfereji wa uani, akafungua maji, akachutama, akaanza kusugua upya. Baada ya muda kivuli kilimwangukia. Alikuwa Sichana, ameshika ndimu na kisu. Alichutama naye, akaikata ndimu katikati, akampa kipande kimoja, na cha pili akaanza kusugulia upande wake wa bomba.