Mwendo wa Mzee Shekue

Bongokaya, ile kompyuta iliyoendesha nyumba nzima, lilimtambua Bi Mwantumu kwa hatua zake. Hajagusa mlango, kitasa kikajizungusha, taa zikawaka. Alipotoa salamu, sauti ya marehemu mumewe, Mzee Shekue, ikamwitika kutoka kwenye kompyuta hiyo mezani.

"Aleikumu salamu, Mwantumu. Leo soko limekuweka."

Alijua si mtu. Mtu alikwisha rejea kwa Mola wake, na eda aliikaa mpaka ikaisha. Lakini kuisalimu nyumba isikuitike, hilo nalo ni zito.

Ila bongokaya lilikuwa limejaa kumbukumbu, halina tena nafasi. Binti yao Nasra, mhandisi wa mitambo ya hewa huko Mwezini, akipiga simu alionekana vipandevipande kiooni, sauti imekatika. Ndipo akaagiza mama yake aletewe vibao vipya vya kumbukumbu, vyepesi kama upepo.

Fundi Chonge alifungua sanduku la kompyuta, akapuliza vumbi. "Vya zamani nivitoe?"

"Sauti ya mzee si imo humo?"

"Imo. Na vibao vya enzi zile havinakiliki."

"Basi changanya."

Fundi akacheka. "Bi Mwantumu, unafunga punda na farasi mkokoteni mmoja. Vikipatana, vyote vitakwenda kwa mwendo wa punda. Visipopatana, mashine haiwaki, na mzee ndiyo basi tena."

"Baba Nasra alikuwa na mguu mbovu. Kwenda mwendo wake nimezoea. Funga."

Akasoma Bismillahi, macho kwenye mikono ya fundi. Mashine ikakaa kimya, kimya, kisha ikawaka.

Jioni kioo kiling'aa. Nasra akatokea mzima, hata kovu lake la kidevuni likaonekana.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Mbona umekonda?"

Nasra alimtazama tu. Maneno ya mama yalikuwa bado yanajikokota ndani ya sanduku.

"Mama? Mbona hunijibu?"

"Nimekujibu. Ngoja, mwanangu."

"Mama, zamu imefika, wananiita. Nitakupigia Idi, inshallah." Akapunga mkono. Kioo kikawa cheusi.

Kitambo kikapita. Kompyuta ikakohoa kile kikohozi cha marehemu.

"Hiyo si sauti ya Nasra? Mwambie asiondoke, nakuja."

Bi Mwantumu aliketi mbele ya kioo.

"Ameshaondoka, Baba Nasra," alisema, akatulia kumngoja ajibu.