Kengele ya Beberu

Asubuhi hiyo Kavutha alikuwa akifua nguo uani, pale kwenye ploti ya nyumba za kupanga, Kabiria. Caren wa mlango wa pili alikuwa kibaoni akikata sukuma wiki na kupima watu kwa macho, kazi ambayo haijawahi kumshinda.

"Mama Syokimau, huyu mtoto atatembea ama utamnunulia baiskeli?"

Kavutha alikamua shuka kana kwamba ndiyo shingo ya Caren. Syokimau alikuwa amefikisha miaka mitatu na bado alisota kwa matako. Kliniki walisema mifupa iko sawa. Kanisani walimwombea mpaka mchungaji akapotewa na sauti. Wapi.

Kwao Ukambani, mtoto mzito wa kutembea alifungwa njuga mguuni, aifuate sauti yake mwenyewe. Lakini Kabiria njuga utaitoa wapi? Basi alipoona mumewe, Ndambuki, ametundika kengele ndogo ya shaba msumarini, hakuuliza ilikotoka. Alitafuta kamba.

"Inua mguu, mama."

Syokimau akainua. Akafungwa. Akasimama, akaenda hadi mlangoni kama mtu aliyechelewa kazini.

Kavutha alipiga vigelegele mpaka akakauka koo. Hata Caren alilia, na machozi ya Caren hayatoki ovyo.

Wiki haikuisha. Syokimau akipita, watoto wa ploti waliacha mchezo wakapanga mstari nyuma yake. Hawakucheka. Hawakusukumana. Watoto wa Kabiria, wasisukumane!

"Wako anapeleka wetu wapi?" Caren aliuliza, kwa mara ya kwanza akinong'ona.

Kavutha aliwafuata. Kengele ililia njia nzima, mpaka Dagoretti, mpaka ukuta wa kichinjio. Langoni Syokimau aligeuka, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Kama anayewahesabu.

Kavutha akamnyakua. Wale wengine wakaanza kulia, kama walioamshwa usingizini.

Ndambuki, ambaye kazi yake ni kuchuna mbuzi hapo hapo kichinjioni, wiki hiyo alikuwa akirudi usiku, mtoto amelala. Siku hiyo alirudi mapema, akaona kengele mguuni pa mtoto.

"Nani amemfunga hiyo?"

"Mimi. Ni ya nani?"

Aliketi kwanza. Kulikuwa na beberu mzee, akasema, kazi yake kutangulia. Mbuzi wageni walifuata kengele yake hadi ndani. Wao wakabaki, yeye akatokea mlango wa pembeni, mzima. Miaka yote mzima. Wiki iliyopita akagoma kuingia.

"Mkamfanya nini?"

"Tulimvua kengele kwanza."

Aliweka kisu chake cha kuchuna mezani.

Kavutha alimtazama mtoto wake. Akimwachia kengele, wataingia watoto wa watu. Akimvua, ataingia wake, kama yule beberu. Nje, mstari wa watoto ulikuwa umeshapangwa mlangoni. Syokimau alikuwa akivuta komeo.

Kengele inataka mguu, Kavutha akawaza. Haijasema wa nani.

Alikata kamba kwa kisu cha mumewe, akaifunga upesi mguuni pake. Syokimau akaporomoka sakafuni.

"Mshike. Hata nikiita, usije."

"Kavutha..."

"Nimesema mshike! Caren! Fungia watoto!"

Caren, kwa mara moja maishani, alitii bila kuuliza. Miguu ya Kavutha ilikuwa tayari imeshika njia. Hakugeuka. Shingo ilikataa.

Sauti ya kengele ilipopotea, Ndambuki alimpa Caren mtoto, akakimbia hadi kichinjioni. Mlinzi wa lango aliapa kwamba kengele imempita hapo, mtu hakumwona. Ndambuki alisimama kwenye mlango wa pembeni mpaka jua likazama, akimwita mkewe.

Hakuna aliyetoka.

Aliporudi, alimkuta Caren uani, mikono mitupu, mdomo wazi.

"Mtoto yuko wapi?"

Caren alinyoosha kidole ndani.

Kengele ilikuwa msumarini. Kamba yake ilikuwa imelowa, ikidondosha damu. Chini yake Syokimau alikuwa amesimama wima, peke yake, ameinua mguu, akingoja kufungwa.