Isale Lisilopokelewa

"Elfu kumi na tano mkungu huu wa ndizi? Kaka, mimi nauza mtori, siuzi dhahabu!"

"Mwongezee elfu mbili tu, mama. Ndizi mshare za huko juu hazina mchezo, aisee."

Sauti ya pili ilitokea nyuma yake. Mektrida hakuhitaji kugeuka. Katikati ya kelele zote za soko la Kwa Sadala, angeitambua sauti hiyo hata akiwa usingizini. Alipogeuka, alimwona mumewe wa ndoa ya kanisani, Elimringi, amekonda, amevaa koti la jinzi lililopauka mabegani. Miezi minane alikuwa hajamtia machoni.

"Bado unalivaa," Elimringi alisema, akiliangalia gauni lake la kitenge cha njano. Alimnunulia mwenyewe mwaka wa pili wa ndoa.

"Ulitaka nivae nini? Jipya nilikopee kwa jina lipi?"

Na jina ndilo lililoharibika. Elimringi alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, akivusha mizigo Kenya kupitia Holili. Mkopo wake wa kwanza Mektrida aliusaini mwenyewe kama mke na mdhamini, huku akicheka, na ukalipwa wote. Wa pili, wa milioni kumi na mbili, Elimringi alimwigia saini bila kumwambia. Vitunguu vikakwama mpakani siku tisa, vikaozea kwenye gari, naye akavuka kwenda Taveta na kuzima simu. Mektrida alikuja kujua siku aliyoomba mkopo mdogo wa friji la maziwa. Aliambiwa kuwa kwenye taarifa za mikopo yeye ni mdaiwa sugu, na kila benki inaona hivyo. Fremu ya duka aliyokuwa ameishikia nafasi pale Mbuyuni ilibakiza wiki mbili kabla haijapewa mtu mwingine.

Walikaa kwenye benchi la mama muuza chai. Wakaletewa chai.

"Nilidhani ukiniona utaniitia mwizi," Elimringi alisema.

"Ningekuitia. Ila nilishapokea isale lako."

Wachagga wanalijua jani hilo. Likiletwa kuomba msamaha halikataliwi, na ukishalipokea, kosa hilo hulitaji tena maishani.

"Isale gani?"

"Eli, usinitanie."

"Sikutanii. Isale gani?"

"Baba mdogo Eliona alilileta Jumapili moja, miezi minne iliyopita, na kibuyu cha pombe ya mbege. Akasema, mwanangu Elimringi anaomba umsamehe. Nililia, nikapokea. Kesho yake nikaenda kwenye ile ofisi ya mikopo nikafuta malalamiko yangu kwamba saini siyo yangu. Ningefanyaje? Nimsamehe mtu Jumapili, Jumatatu nimshtaki?"

Elimringi aliweka kikombe chini taratibu. Alitoa simu, akampigia baba mdogo, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Elimringi! Uko wapi wewe?"

"Baba, isale ulilompelekea Mektrida, nani alikutuma?"

Upande wa pili ng'ombe alilia.

"Wangekufunga, mwanangu," mzee alisema mwishowe. "Ulitaka nikae niangalie tu?"

Simu ikakatwa. Miezi minne Mektrida alikuwa ameliweka jani lile kwenye glasi ya maji dirishani, analibadilishia maji kila asubuhi kabla ya kwenda kukamua ng'ombe wa watu. Miezi minne aliishi kwa msamaha ambao mumewe hakuuomba. Alijiona mjinga, na alikasirika mpaka machozi yakamtoka.

"Sikumtuma, Meki. Nilikuwa naogopa hata kukupigia."

"Unajua dada Hilda wa pale ofisini aliniambia nini? Kwa kufuta malalamiko nimekubali deni ni langu. Sasa jina langu na lako ni kitu kimoja mpaka pawe na kesi polisi ya kughushi saini. Na hata kesi ikiwepo, ni mwaka, pengine miwili, na hakuahidi kitu."

"Kwa hiyo ili wanitenge na wewe kwenye makaratasi yao..."

"Lazima nikufungulie kesi."

"Basi nishtaki."

"Acha sinema."

"Siyo sinema. Nabeba mizigo Taveta, nimeweka laki moja na nusu. Ndiyo niliyokuletea."

Mektrida alipiga hesabu ya haraka kichwani. "Kwa mwendo huo tutamaliza kulipa tukiwa hatuna meno."

Walicheka. Walicheka kwa nguvu mpaka mama muuza chai akacheka nao bila kujua wanacheka nini. Kisha Elimringi akainuka, akaenda kwenye mpaka wa shamba nyuma ya kibanda, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Akarudi amelishika kwa mikono miwili.

Mektrida aliruka kutoka kwenye benchi.

"Usinipe!"

Watu waligeuka.

"Mke wangu, safari hii ni mimi mwenyewe."

"Najua ni wewe! Ndiyo maana. Ukinipa nitapokea, na nikipokea sikushtaki tena. Nakupenda, mjinga wewe. Usinipe."

Elimringi alibaki na jani mkononi. Akawa nalo kwenye basi mpaka Moshi mjini, na akawa nalo walipoingia kituo cha polisi saa tisa alasiri, wamefuatana kama watu waendao kwa mchungaji kuandikisha ndoa.

Askari wa zamu alikuwa mgeni wa mkoa, lafudhi yake ya Kanda ya Ziwa. Alisikiliza, akachukua kalamu.

"Mtuhumiwa ni nani yako?"

"Mume wangu."

"Na aliyekuleta hapa?"

"Huyo huyo."

Askari aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaandika. Alipomaliza alimwambia Elimringi atoe kila kitu. Mkanda, kamba za viatu, simu, laki moja na nusu, na lile jani. Akavisukuma vyote kwenye kaunta upande wa Mektrida.

"Chukua vitu vya mumeo, mama."

Alichukua mkanda. Akachukua kamba, simu na hela. Jani likabaki peke yake juu ya kaunta, fundo lake likiwa limeanza kulegea.

"Na hili?"

Mektrida alikunja vidole vyake. "Hilo siwezi, afande. Mwachie aingie nalo."

"Ndani haingii kitu. Na hapa hatuweki takataka."

Alilipangusa kwa kiganja likaanguka kwenye ndoo, juu ya maganda ya karanga. Elimringi alikuwa tayari ameshikwa mkono, viatu vikimpwaya miguuni.

"Meki," aliita akiwa mlangoni. "Huko nyumbani mipaka yote imejaa masale."

"Najua."

Mlango ukafungwa. Alitoka nje amekumbatia mkanda wa mumewe. Kwenye ngazi, simu ya Elimringi ikaita ndani ya mkoba, jina la baba mdogo Eliona likiwaka. Aliiangalia mpaka ikakatika, ikaita tena, naye hakupokea.